Jumapili usiku kwenye maiki Tabora: kantri ya zamani, kanda ya mama wa Ipuli na wimbo nilioueleza nusu

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Ni saa sita kasoro usiku. Nimetoka studio, nimekula kiporo nikiwa nimesimama jikoni, na usingizi umekataa. Kuna jambo limetokea leo hewani ambalo nisipoliandika sasa hivi, kesho nitalisimulia vibaya.

Kwa wasionifahamu: mchana nauza vipuri vya baiskeli sokoni hapa Tabora mjini. Kila Jumapili, saa 2 hadi saa 4 usiku, naendesha kipindi cha kantri ya zamani, ule muziki wa mashambani wa Marekani, kwenye redio yetu ya jamii. Ni kazi ya kujitolea na naipenda. Studio ni chumba kimoja. Ukutani tumebandika trei za mayai na mazulia yaliyochakaa ili sauti isirudi. Kuna miksa ya chaneli nane, maiki mbili, kompyuta moja, na simu ya kituo ambayo fundi mitambo wetu ameiunganisha na miksa kwa waya ili anayepiga asikike hewani. Basi.

Kipindi nakifungua kwa treni. Si treni ya kweli, ni kinanda cha mdomo cha DeFord Bailey, mtu mweusi wa Tennessee, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa 1899 na kuugua polio utotoni hadi akabaki na umbo dogo. Alikulia karibu na reli akisikiliza treni zikipita, na alipokua akaziweka zote kwenye kile kinanda: honi, magurudumu, mvuke, mlima, mteremko. Redio WSM ya Nashville ilianza kipindi chake cha muziki wa mashambani Novemba 1925. Usiku mmoja wa Desemba 1927, Bailey alipomaliza tu kupuliza treni yake, mtangazaji George D. Hay ndipo akakiita kipindi kile Grand Ole Opry, jina linalotumika mpaka leo. Yaani jina kubwa kuliko yote katika kantri lilitamkwa mara ya kwanza wakati pumzi ya mtu mweusi haijatulia. Mwaka 1941 walimwondoa kipindini, akaishi kwa kung'arisha viatu. Akafa 1982. Walikuja kumwingiza kwenye Jumba la Heshima la kantri mwaka 2005. Hili nalirudia hewani kila baada ya wiki chache na nitaendelea kulirudia, kwa sababu linaniuma.

Nafungua kwa treni kwa kuwa mji huu ni wa reli. Reli ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, tawi la Mwanza likakamilika 1928, halafu likaja la Mpanda. Ingia nyumba za zamani za Ipuli au Cheyo, hukosi mzee aliyekula mshahara wa reli, au mjane wake. Wazee wenyewe wanasimulia kwamba enzi za East African Railways mtu alihamishwa Tabora, Nairobi, Kampala, na akirudi likizo kwenye sanduku mna vitenge, sabuni za kunukia na santuri mbili tatu. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri, aliingia Tabora kwa njia hiyo, ndani ya sanduku la mbao.

Leo baada ya treni nilimpiga Jimmie Rodgers. Ndiye wanayemwita baba wa kantri, na kabla ya kuishi kwa gitaa alikuwa mfunga breki wa treni huko Mississippi, mpaka kifua kikuu kilipomtoa kazini. Alirekodi mara ya kwanza Agosti 1927. Akafa Mei 1933 akiwa na miaka 35, siku mbili tu baada ya kurekodi mara ya mwisho New York, na mwili wake ukarudishwa kwao Meridian kwa treni. Nilipotaja hilo simu ikaita kabla wimbo haujaisha. Mzee wa Cheyo, aliyekuwa gadi njia ya Mpanda, alitaka kujua kama wafunga breki wa Marekani walikuwa wanapanda juu ya mabehewa kweli. Nikamwambia zamani walipanda, wakatembea juu ya paa behewa hadi behewa, wakizungusha gurudumu la breki kwa mikono, mvua ikinyesha, treni ikitembea. Mzee akakaa kimya kidogo. Akasema, "Basi huyo mwenzetu. Endelea, mwanangu."

Kisha Jim Reeves. Huyu kabla ya umaarufu alikuwa mtangazaji wa redio kama sisi, na kuna jambo nimejifunza kwake. Mwaka 1957 alipokuwa anarekodi "Four Walls" aliacha kuimba kwa kupaza sauti. Akasogeza mdomo karibu kabisa na maiki akaimba chini chini. Wakubwa wa kampuni hawakupenda, Chet Atkins, aliyesimamia kurekodi, akamtetea, na sauti ile ndiyo iliyomfikisha hadi kwetu. Tangu nilipolijua hilo nami siongei tena kwa kelele usiku. Naisogelea maiki, naongea kama nipo na mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda jikoni, redio ipo dirishani, moto unakaribia kuzima.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Ipuli, umri wa miaka sabini hivi, alikuja dukani kwangu na kanda ya kaseti ameifunga kwenye leso. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, mtu wa reli. Kaka alizirekodi humo santuri zake kabla hazijavunjika moja moja. Juu ameandika kwa wino wa bluu: SAFARI. Mama akasema, "Imekataa kuimba. Ndani kuna wimbo wa mwanamke, nataka niusikie kabla sijafa."

Niliifungua usiku ule mezani kwangu. Skrubu tano ndogo. Utepe wenyewe ulikuwa mzima, ila kile kipande cha sponji kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha deki kilikuwa kimeng'oka, gundi imekauka imekuwa unga. Kwa hiyo kanda ilizunguka bila kutoa sauti ya maana. Nikachukua kanda nyingine ya mahubiri iliyokwisha kazi, nikatoa utepe wake, nikahamishia wa mama kwenye kasha lile, rola kwa rola, bila kuugusa kwa vidole palipo na muziki. Nikafunga. Nikazungusha kwa kalamu mpaka ukakaza. Nilipobonyeza, nikasikia kwanza mikwaruzo ya santuri, halafu mtu anakohoa mbali, halafu Skeeter Davis.

Wimbo ni "The End of the World". Aliurekodi 1962 chini ya huyo huyo Chet Atkins, na mwaka uliofuata ulipanda chati za kantri, za pop na hata za R&B kwa pamoja. Leo niliupiga saa 3 na dakika tano, kutoka kwenye kanda ile ile, na mikwaruzo yake. Desturi yangu ni kueleza maneno kwa Kiswahili kabla ya wimbo, kwa sababu wasikilizaji wangu wengi wameupenda muziki huu miaka hamsini bila kuambiwa unasema nini. Nikaeleza: mwanamke anashangaa jua linawezaje kuendelea kuwaka, ndege wanaimba nini, wakati mpenzi wake amemwacha. Wimbo wa mapenzi, nikasema. Nikaupiga.

Ulipoisha simu ikaita. Ni mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, sauti yake ina kitu.

"Mwanangu, una hakika huo ni wa mapenzi?"

"Nina hakika, mama."

"Maana sisi tuliupigiwa siku tuliyotoka kumzika baba. Mwaka wa Azimio la Arusha. Kaka alikuja nao kutoka Nairobi na gramafoni ya betri, akakaa barazani akaupiga mara tatu. Watu wamejaa uani. Na alituambia kwamba huyo mwanamke..."

Umeme ukakatika.

Giza totoro. Fundi mitambo alikimbilia jenereta, dakika nne tukawa hewani tena. Nikapiga ile namba, haipatikani. Nikaomba hewani mama apige, hakupiga. Nikamalizia kipindi na Don Williams, nikasoma salamu, nikafunga.

Naandika kwa sababu ya lile swali lake la kwanza. Nimeendesha kipindi hiki nikiamini kumfasiria mtu maneno ya wimbo anaoupenda ni kumpa zawadi. Leo nahisi nimeingia nyumbani kwa mtu, nikahamisha kitu alichokuwa amekiweka mahali pake tangu 1967. Wenye uzoefu wa redio, mnafanyaje?

#2 Mdau wa Kigoma

Mkuu, umenigusa. Huku Mwanga masafa yenu hayafiki, lakini Don Williams amelea nyumba yetu. Marehemu baba alifanya kazi bandarini, na kila akitoka zamu ya usiku alikuwa anamweka kwenye redio kaseti huku anaosha miguu kwenye karai. Hatukuzungumza naye mpaka wimbo wa tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeiandika.

Utotoni niliamini kabisa Don Williams ni mwimbaji wa kanisa. Sauti nzito, pole pole, hana haraka na mtu. Nimekuja kujua ukubwani kuwa ni mtu wa Texas, na kwamba mwaka 1997 alikwenda mpaka Harare akapiga shoo ikarekodiwa, watu weusi wamejaa wanaimba naye neno kwa neno. Alipofariki Septemba 2017 nilimpigia simu mama yangu kumpa habari, akanijibu "pole" kama tumefiwa.

Swali langu: ninazo kanda za baba kama ishirini, nyingine zinaimba kama mtu anazama. Nifanyeje?

#3 Mdau wa Kanyenye

Mleta uzi, kipindi chako nakisikiliza na nakuheshimu. Ila niulize kwa nia njema. Tabora hii imetoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Vijana wetu hawawajui. Saa mbili nzima za Jumapili usiku, wakati bora kabisa wa kusikiliza redio, tunampa Jim Reeves. Huoni kama tunajitupa wenyewe?

#4 Mleta uzi

Mdau wa Kanyenye, swali lako ni la haki na nimeulizwa hata na wazee. Nyimbo za bendi zetu zina saa zake Jumamosi kwenye kituo chetu, na nikiulizwa naomba ziongezwe, sitaki zipunguzwe hata dakika. Lakini sikubali kwamba kantri ni ya Wazungu peke yao. Banjo ilikwenda Marekani vichwani mwa watumwa kutoka Afrika Magharibi, walijitengenezea kwa kibuyu na ngozi kama walivyozoea kwao. DeFord Bailey nimeshamweleza. Charley Pride alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, na alipoanza, mwaka 1966, kampuni yake ilisambaza santuri zake redioni bila picha ili watangazaji wampende kwanza kabla hawajaona rangi yake. Wakampenda. Nafikiria sana hilo ninapokuwa kwenye maiki, kwamba redio iliwahi kumpitisha mtu mahali ambapo uso wake ungezuiwa.

Na hapa jirani, kwa Wakipsigis wa Kenya, santuri za Jimmie Rodgers zilisikika zamani hizo, na jina lake likageuka Chemirocha. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipokwenda kuwarekodi mwaka 1950 akakuta wasichana wanamwimba Chemirocha kwa zeze lao, kiumbe nusu mtu nusu swala. Wimbo wao, lugha yao, mfunga breki wa Mississippi yumo ndani. Mtu akiniambia muziki huu haujawahi kuwa wetu, namkumbusha hao wasichana.

Mdau wa Kigoma, pole kwa baba. Kanda inayozama mara nyingi haina kosa, kosa ni la deki: ule mkanda mdogo wa mpira unaozungushwa na mota umelegea, kwa hiyo kasi inashuka na sauti inakuwa nzito. Peleka kwa fundi redio akubadilishie mpira. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, acha kikauke kabisa. Kabla ya kucheza kanda iliyokaa miaka, izungushe hadi mwisho na kuirudisha taratibu, ili utepe ulioshikana uachane. Ukiona ukungu mweupe pembeni ya utepe usiicheze, itachafua deki na kuambukiza nyingine. Halafu unganisha tundu la hedifoni la deki kwenye kompyuta kwa waya, rekodi upande mzima bila kusimamisha. Kikohozi cha baba yako kikiwemo, kiache.

#5 Mwalimu, Tabora

Nafundisha Kiingereza sekondari na nilikuwa nasikiliza hiyo Jumapili. Tafsiri yako ilikuwa sahihi. Lakini ndugu yangu, ulitutajia aliyeimba na aliyesimamia kurekodi, hukututajia aliyeandika. Skeeter Davis hakuyatunga maneno yale. Kamtafute mwandishi wa maneno kabla hujarudi kwa mama. Na urudi kwake kweli, usisubiri Jumapili.

#6 Mleta uzi: MREJESHO

Wakuu, mwalimu ameniokoa.

Jana Jumanne nilifunga duka saa tisa, nikachukua baiskeli hadi Ipuli na kanda mfukoni. Nilimkuta mama uani anamenya karanga kwenye ungo, nikakaa kwenye kigoda. Ile simu ilikuwa ya jirani, betri iliisha, ndiyo maana hakupatikana. Akanisimulia alipokatizwa.

Siku ile ya msiba, wimbo ulipopigwa mara ya tatu, mzee mmoja aliyekuwa akipakia mabehewa pamoja na marehemu alimuuliza kaka, "Huyo mwanamke analia nini?" Pale uani mwenye Kiingereza alikuwa kaka peke yake. Kaka akasema, "Anauliza jua linawakaje na baba yake hayupo." Uani pote watu wakalia upya. Mama alikuwa msichana mdogo, amekaa mlangoni. Tangu siku hiyo kwake wimbo ule ni wa baba, na kila Julai wanapomkumbuka mzee, kaka alikuwa anaupiga, mpaka kaka mwenyewe akafa.

"Sasa Jumapili wewe unasema ni mpenzi," akaniambia, mikono yake inaendelea na karanga. "Nikawaza, kumbe kaka alitunga. Miaka yote hii aliona tu tunalia akatutungia."

Nikamweleza nilichokipata. Maneno ya wimbo yaliandikwa na mwanamke anaitwa Sylvia Dee, muziki ukatungwa na Arthur Kent. Na huyo Sylvia Dee majonzi aliyoyaweka mle aliyatoa kwenye kifo cha baba yake. Wimbo ukavishwa nguo ya mapenzi, lakini msiba ndani ni wa mzazi. Nikamwambia na hili, kwamba Chet Atkins alipokufa mwaka 2001 ulipigwa mazishini kwake, na Skeeter Davis alipokufa 2004 ukapigwa kwenye mazishi yake pia. Hata huko kwao, watu waliojua kila neno lake waliupeleka msibani.

Mama aliacha kumenya. Akaziangalia zile karanga muda mrefu.

"Kumbe kaka hakutudanganya," akasema.

Kisha akaniuliza kama kanda inaimba sasa. Nilikuwa nimebeba redio kaseti ya fundi mitambo wetu, nikaiwasha pale pale juu ya kinu kilicholala. Alisikiliza mara moja tu. Akasema inatosha, nyingine niiweke Jumapili, na salamu zimwendee kila aliyewahi kukaa uani ule na bado yuko hai, kwa majina atakayonitumia.

Majina yamefika leo asubuhi kwa ujumbe wa simu ya jirani. Ni saba. Nitayasoma saa 3 na dakika tano, na fundi mitambo ameshanunua mafuta ya jenereta.